Ghala la Lundo na Neno Nisiloliandika

Kati ya mpangaji na mpangishaji kuna herufi tatu tu. Nawaambia hili mapema, wanangu mnaofungua vibanda vya uchapaji pale karibu na mahakama, kwa sababu herufi hizo tatu ziliwahi kunitoa jasho.

Nilikuwa msichana, nimemaliza kozi ya uhazili Songea, nimeajiriwa kuchapa barua katika chama cha ushirika hapa Mbinga. Nikapewa mkataba wa kupangisha nyumba. Nikauchapa haraka haraka, nikaupeleka nikijisifu moyoni. Kumbe kila palipotakiwa mpangaji nimeweka mpangishaji, na kila palipotakiwa mpangishaji nimeweka mpangaji. Kwa karatasi ile, mwenye nyumba ndiye angelipa kodi kila mwezi, na akitaka kupigilia msumari kwenye ukuta wake mwenyewe aombe ruhusa kwanza.

Karani mkuu wetu aliitwa Mzee Alfonsi. Aliusoma mkataba hadi mwisho, miwani imemshukia puani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Agnesta, huyu mwenye nyumba ni mtu mwema kupita kiasi." Kisha akanipa karatasi mpya na kaboni mpya, akaondoka.

Mzee huyo ndiye aliyenipa kazi mikononi. Chuoni walinifundisha vidole, yeye akanifundisha masikio. Kila mkataba ulipokuja alitaka nianze na daftari na penseli. Niwaache watu wazungumze, niandike alichosema kila mmoja kwa maneno yake, hata kama ni upuuzi, kisha niwasomee. "Mtu akiyasikia maneno yake kutoka kinywani mwa mwingine," alisema, "ataanza kuyasahihisha bila wewe kumwambia." Mimi niliona anapoteza muda wa watu. Daftari nilikuwa nalo, ila kusoma kwa sauti nilikuwa nikikuruka mzee akigeuka.

Halafu mambo yakabadilika. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipofunguliwa mlango, ushirika ukayumba, na sisi wa ofisini tukawa wa kwanza kupunguzwa. Mzee Alfonsi alikuwa ameshafariki. Nashukuru hakuona samani za ofisi zikibebwa. Fedha hazikutosha kutulipa sote, basi mimi sehemu ya haki yangu nikapewa taipureta niliyokuwa nikiichapia. Niliibeba kichwani hadi nyumbani, watu wananitazama kama nimeiba. Wiki iliyofuata nikaweka meza kwenye baraza la duka moja jirani na mahakama, nikaanza kuchapa maombi ya kazi, barua za wosia, na zaidi ya vyote, mikataba ya pango.

Maana kila mtu siku zile alitaka jengo. Huyu anatafuta pa kuweka kahawa, yule pa kuweka mashine ya kusaga, mwingine duka la vitenge. Na kila mwenye chumba chenye mlango aligundua kwamba ana mali. Watu ambao jana walifugia mbuzi humo, leo wanakiita ghala.

Hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza namna watu wanavyosifia. Mwenye jengo akisema, "Hapa mahali pana baraka, utauza hadi uchoke," mwache, huyo anasifia biashara yake kama anayeuza embe. Hakuna hakimu atakayemtia hatiani kwa hilo. Lakini kuna bwana mmoja wa Mbuji alimpangishia jamaa chumba cha kuweka mashine ya umeme, akamwambia, "Umeme nimeshaulipia, nguzo hizo unaziona." Nguzo zilikuwepo kweli. Alikuwa amezikata mwenyewe msituni akazisimamisha. Jamaa alikaa na mashine yake chini ya turubai msimu mzima akingoja nyaya. Mnaona tofauti? Angesema, "Natumaini umeme utafika," hayo ni matumaini, kila mtu anayo. Aliposema, "Nimeulipia," alitaja jambo ambalo ama limefanyika ama halijafanyika. Akitaja jambo la namna hiyo ili mtu atie sahihi, naye anajua si kweli, basi amejifunga.

Nilipolijua hilo la Mbuji nilijiona nimeiva. Sikuwa nimeiva. Kisa kilichonifundisha ni cha ghala la Lundo, na ndani yake kosa la kwanza ni langu.

Ghala lile lilikuwa la ushirika, limejengwa karibu na ufuko wa ziwa, tofali za kuchoma na bati. Ushirika ulipoanza kuuza majengo yake lilinunuliwa na mtu mmoja wa kwetu Maguu, mkulima wa kahawa, jina lake Kosmasi. Huyo ni baba yangu mdogo. Marehemu baba yangu alituacha wadogo, na Baba Kosmasi ndiye aliyeuza kahawa yake akanilipia kozi ile ya Songea, wakati watu wanamcheka kwamba anamsomesha binti wa kaka yake kupiga vitufe. Kwa hiyo alipofika barazani kwangu na mpangaji wake, nilisimama kumpa kiti changu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kazi."

Mpangaji alikuwa Bi Zuhura, mwenye duka la nguo na chumvi pale mjini. Babu yake alikuja huku kutoka Kilwa na mzigo wa kaniki begani, na ukoo wao haujaacha kuuza kitu tangu siku hiyo. Bi Zuhura aliona mbali. Sisi wa milimani tulikuwa tunapata fedha za kahawa lakini kitoweo na mchele vikitufikia kwa kusuasua, na wa ziwani walikuwa na mpunga na usipa, wale samaki wadogo wanaokaushwa, lakini hawana wa kuwanunulia kwa wingi. Alitaka kukusanya mzigo Lundo, aupandishe Mbinga magari yanapopatikana. Alikuwa ameweka kila alichokuwa nacho katika wazo hilo.

Nilitoa daftari. Wakazungumza. Muda wa mkataba, kodi, nani atengeneze bati likitoboka. Kisha Bi Zuhura akauliza, "Na maji je? Ghala nimeliona, limepakwa chokaa vizuri, zuri. Lakini mimi damu yangu ni ya pwani, Baba Kosmasi. Nikiona maji karibu na mlango lazima niulize."

Baba mdogo akacheka. "Tangu ghala lile lijengwe, ziwa halijawahi kuvuka mchanga. Weka mzigo wako ulale usingizi."

"Basi hilo nalo liandikwe."

"Liandikwe vipi? Na ziwa nalo litie sahihi?"

Tulicheka wote watatu. Penseli yangu ilikuwa imeshaandika: *BZ anauliza maji. BK: tangu lijengwe ziwa halijavuka mchanga.* Nikamtazama Baba mdogo, naye akanitazama. Akasema kwa upole, "Au neno langu mimi mtu mzima halitoshi?"

Bi Zuhura akainamisha kichwa. "Linatosha, Baba. Nisamehe."

Nikageukia taipureta. Neno lile la maji sikuliweka. Nilijiambia kwamba wamekubaliana kwa mdomo, si kazi yangu kumvunjia heshima mzee, tena mzee wangu. Na mwisho wa ukurasa, vidole vyangu vikaandika sentensi ambayo niliiweka katika kila mkataba, niliyoirithi kutoka karatasi za zamani za ushirika: *Mpangaji amekagua jengo na ameridhika nalo.* Sikuwasomea. Wakatia sahihi, nakala mbili na moja ya kwangu, Baba mdogo akaninunulia soda.

Wanangu, kipindi hicho kilikuwa cha kiangazi, ziwa limerudi nyuma, mchanga mweupe mpana mbele ya ghala. Bi Zuhura alikagua kweli. Alikagua kiangazi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Mwezi wa nne, asubuhi, nachapa barua ya mwalimu, nikaona mtu amesimama mbele ya meza yangu, viatu vimejaa tope hadi vifundoni. Bi Zuhura. Hakuketi. Alifungua ncha ya kanga akanimwagia kitu mezani. Mpunga. Umevimba, umeanza kuchipua, unanuka.

"Dada Agnesta," akasema, "nisomee ulichoniandikia."

Kusoma alijua kuliko mimi. Nikatoa nakala yangu nikasoma. Nilipofika mwisho, kwenye *amekagua na ameridhika*, akanyanyua kidole.

"Hapo. Nani alisema hivyo? Mimi nilisema?"

"Hapana."

"Baba Kosmasi alisema?"

"Hapana."

"Basi nani?"

Yule mwalimu mwenye barua alikuwa akitazama pembeni. Nikasema, "Mimi."

"Nimemwendea Baba Kosmasi," akasema Bi Zuhura, sauti yake bado ya chini, "ameniambia nisome karatasi. Anasema niliridhika. Yaliyosemwa hapa barazani hayakumbuki." Akakusanya mpunga ule punje kwa punje, akaufunga tena kwenye kanga. "Mimi naenda mahakamani. Wewe fanya utakachoweza kuishi nacho."

Alivuka barabara akaingia mahakamani, na mimi nikakaa. Mwalimu alinikumbusha barua yake. Niliichapa ikiwa na makosa saba.

Kesho yake nilifunga meza nikapanda lori lililokuwa likishuka ziwani kuchukua mihogo. Nilitaka kuona kwa macho yangu kabla sijasema lolote kwa mtu yeyote, na huo ushauri nawapa bure: karani asiyewahi kuliona jengo anachapa hadithi. Njia ya kushuka mnaijua, kona juu ya kona, na wakati wa mvua abiria wote hushuka kusukuma. Nilifika nikiwa na tope kama Bi Zuhura.

Maji yalikuwa yameanza kurudi lakini mlangoni bado yalikuwepo. Ndani, sakafu ilikuwa tope laini, na harufu ya usipa waliooza ilinisukuma nyuma. Bi Zuhura alikuwa amekwangua chokaa ukutani kwa kisu. Chini ya weupe ule kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kutoka kona hadi kona, juu kidogo ya goti langu. Juu yake tena, mwingine hafifu. Nikainama mlangoni. Fremu ilikuwa imekatwa chini na kuungwa mbao mpya kipande cha mkono mmoja, pande zote mbili. Bawaba ya chini ilikuwa imeliwa na kutu, ya juu nzima. Mambo yote hayo yalikuwa wazi siku ile Bi Zuhura alipokagua, isipokuwa mstari tu ndio uliofichwa. Hakujua pa kutazama. Ninyi sasa mnajua: msitazame ukuta, tazameni miguu ya milango.

Mlinzi wa ghala aliitwa Yohana, mzee wa pale pale Lundo, amelilinda tangu enzi za ushirika.

"Mzee Yohana," nikamwuliza, "haya maji ni ya kwanza?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama nina akili. "Ya kwanza? Binti, sisi tulitoa magunia ya ushirika humu kwa mtumbwi. Mtumbwi uliingia kwa mlango huo uliposimama wewe, ukageukia pale."

"Baba Kosmasi anajua?"

"Siku aliyonunua aliniuliza mstari ule unafutikaje. Nikamwambia haufutiki, unafunikwa. Akaniletea chokaa, nikapaka mwenyewe."

"Na Bi Zuhura alipokuja kukagua hukumwambia?"

Yohana alichezea rungu lake. "Hakuniuliza. Alikuja na mwenye mali. Mwenye mali amesimama hapa, mimi mlinzi nimesimama pale. Ungekuwa wewe ungesema?"

Mimi nilikuwa na penseli mkononi, na sikusema. Tangu siku ile kila mpangaji aliyenijia nilimwambia arudi kwenye jengo peke yake, siku nyingine, azungumze na mlinzi, na jirani, na mama anayeuza maandazi mbele yake.

Kutoka Lundo nilipitiliza Maguu. Nilimkuta Baba mdogo akigeuza kahawa kwenye chanja, anachambua punje mbovu moja moja. Nikasalimia, nikaingia upande wa pili wa chanja nikaanza kuchambua naye.

"Umetoka Lundo," akasema. "Nimeyaona matope."

"Ndiyo, Baba. Nimeuona na mstari."

Mikono yake haikusimama. "Unajua nilivyolinunua? Kahawa ya mwaka ule mzuri, yote. Nikasema nami niwe na jengo. Yohana ananionyesha ule mstari wakati fedha zimeshatoka mkononi. Ningemwambia nani? Ningemwambia ukweli Bi Zuhura, angechukua?"

"Labda angechukua kwa bei ndogo. Labda angejenga chanja ndani, mzigo usikae chini."

"Labda." Akatupa punje mbovu. "Karatasi inasema ameridhika. Uliiandika wewe, mwanangu, sikukutuma. Wakikuita, sema karatasi inajieleza. Basi. Sikuombi useme uongo."

"Unaniomba ninyamaze."

"Nilikusomesha mimi, Agnesta."

Hakulisema kwa hasira. Lingekuwa rahisi kama angelisema kwa hasira. Mama yangu mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi, hajui akilete au akirudishe. Nikasema, "Ulinisomesha, Baba, na siwezi kukulipa hadi nife. Lakini wakiniuliza nitasema yaliyosemwa. Nimekuja nikuambie mwenyewe, usije ukalisikia mahakamani kwa mara ya kwanza."

Aliendelea kuchambua. Niliondoka bila uji.

Msidhani nilikuwa shujaa. Nilirudi Mbinga nikihesabu hasara. Ukoo utanitenga. Na wateja je? Nani atampelekea mkataba karani anayesimama mahakamani kusema kwamba huchomeka sentensi zisizosemwa na mtu? Nilikuwa na watoto watatu na mashine moja. Ila kila nilipokaa kuchapa nilisikia ile "Basi nani?" ya Bi Zuhura. Nikaamua. Na nikishaamua mimi ni kama gogo la mvule, hunisogezi.

Siku ya ushahidi Baba mdogo alivaa koti lake la Pasaka. Utetezi wake ulikuwa mwepesi: mwanamke ni mfanyabiashara mzoefu, ana macho, alikwenda, akaona, akatia sahihi kwamba ameridhika; na mvua ni ya Mungu. Watu mahakamani walitikisa vichwa wakikubali. Nami ningekubali kama nisingekuwepo.

Nilipoitwa, hakimu, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye sauti ya taratibu, alinionyesha mkataba. "Hii ni kazi yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Sentensi hii ya mwisho, nani aliitoa?"

"Ni mimi. Huiweka katika kila mkataba. Hawakuisema wao, wala sikuwasomea."

Minong'ono. Hakimu aliinua macho. "Kwa hiyo unaiambia mahakama kwamba ulifanya kazi vibaya?"

"Vibaya sana, mheshimiwa. Na kuna neno lililosemwa ambalo sikuliandika." Nikatoa daftari langu la penseli. Nikaliweka mezani, nikalifungua. Nikasoma swali la Bi Zuhura na jibu la Baba mdogo, kama yalivyokuwa. Nikaeleza ya ziwa kutia sahihi, na kwamba tulicheka, na kwamba nami nilicheka. Baada ya hapo Yohana akasimama akaeleza ya mtumbwi na ya chokaa.

Hakimu akamgeukia Baba mdogo. "Mzee, ulisema maneno hayo?"

Baba Kosmasi alinitazama mimi, si hakimu. Kisha akasema, "Niliyasema." Akaketi kabla hajaruhusiwa kuketi.

Hukumu ilikuja baada ya majuma kadhaa, na nimeirudia kwa wateja mara nyingi hadi nimeikariri. Hakimu alisema kwamba mpangaji aliuliza jambo mahususi akajibiwa jambo mahususi, hayo si majigambo ya sokoni. Alisema ni kweli mpangaji ana wajibu wa kufungua macho yake, lakini jicho halipenyi chokaa, na aliyeficha kasoro kwa mkono wake hawezi kumwambia mwenzake "mbona hukuona?" Karatasi inayosema umekagua haimsafishi mtu aliyehakikisha kwamba ukikagua hutaona. Mkataba akautengua. Kodi irudishwe, na kwa kuwa mwenye jengo alijua, alipe na mzigo ulioharibika.

Si mzigo wote, hapo sikilizeni vizuri ninyi mnaopenda upande mmoja tu wa hadithi. Maji yaliingia mara ya kwanza kidogo, Bi Zuhura akapelekewa habari, naye akangoja lori siku kadhaa badala ya kupanga vibarua wainue magunia juu. Yale yaliyolowa katika siku hizo za kungoja hakulipwa. Analalamika hadi leo, lakini hakukata rufaa.

Baba mdogo alilipa. Alilipa kwa misimu miwili ya kahawa, na sikusikia amechelewa. Bi Zuhura akapanga mahali pengine, juu kabisa ya kijiji, akaendelea. Mchele mlioula utotoni wengi wenu ulipita mikononi mwake. Ila Maguu sikwenda. Hakuna aliyenikataza. Kwenye misiba tulikaa pande mbili za uwanja, mimi na Baba mdogo, tukisalimiana kwa mbali, "Shikamoo," "Marahaba," na hakuna cha ziada.

Kuhusu wateja nilikosea. Wenye majengo wengine walinikimbia kwa muda, ni kweli. Wapangaji ndio walionijia, na wapangaji walipokuja, wenye majengo wakarudi kwa kukosa pa kwenda. Ile sentensi niliiacha. Badala yake nikaanza kuuliza kwa sauti, mbele ya wote wawili: Kuna jambo lolote unalolijua kuhusu jengo hili ambalo mwenzako angependa kulijua kabla hajatia sahihi? Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Nimewaona watu wazima wakikohoa, wakifunga na kufungua vifungo, na hatimaye wakasema, "Kuna choo kile, kwa kweli, kimejaa." Na mwisho nawasomea yote, neno kwa neno, hata wakiwa na haraka. Najua ninyi mna kompyuta, mkataba mnautoa tayari umeshaandikwa, mnabadilisha majina tu. Nimeiona juzi mikataba yenu. *Mpangaji amekagua jengo na ameridhika nalo* bado imo, imehama kutoka mashine hadi mashine kama kunguni. Ifuteni. Au mwulizeni mpangaji alikagua nini, lini, na mvua ilikuwa inanyesha au la.

Ilipita miaka minne. Asubuhi moja nilikuwa nabadilisha utepe wa mashine, vidole vyeusi, Baba Kosmasi akaja barazani. Alikuwa amezeeka, fimbo mkononi. Nyuma yake bwana mmoja fundi wa mitumbwi na samani, anatafuta jengo la kuwekea mbao zake ufukweni.

Nilisimama. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa, kaa, uandike." Hakungoja nimwulize lile swali langu. Alimgeukia yule fundi. "Sikia. Ghala langu huingia maji. Si kila mwaka, ila mvua zikiwa kubwa, mwezi wa nne, yanaingia. Yohana atakueleza, mwulize bila mimi kuwepo."

Fundi akafikiri. Akauliza yanafika wapi. Akasema mbao zake ngumu hazijali maji ya siku chache, na nyingine atazitundika, ila kodi basi ipungue. Wakashindana kidogo, wakafikiana. Nikachapa. Nikasoma kwa sauti kutoka mwanzo. Nilipofika *maji hufika usawa wa goti*, Baba mdogo akainua fimbo.

"Si usawa wa goti," akasema. "Juu ya goti. Weka sawa."

Nikang'oa karatasi nikaanza upya, na alingoja bila kunung'unika. Walipokwisha kutia sahihi, fundi akaenda zake. Baba mdogo alibaki ameketi, anapuliza wino wa sahihi yake ukauke, ingawa ulikuwa umeshakauka.

"Mama yako mdogo anauliza," akasema, bado anaitazama karatasi, "kwa nini siku hizi huji nyumbani."

"Mwambie Jumamosi, Baba."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Akakunja nakala yake akaitia mfukoni. Jumamosi ile, kabla jua halijapanda sana, nilikuwa nimeshafika Maguu.